Kuanzisha na Kuendesha Kundi la Mazungumzo la Wazi Kanisani: Mwongozo Kamili kwa Makanisa ya Moshi

Kundi la mazungumzo la wazi ni mkutano wa mara kwa mara ambao kanisa huuandaa kwenye ukumbi wake kwa ajili ya watu wote wa mtaa, wawe waumini wake, wa madhehebu mengine, Waislamu au watu wasiosali popote, ili wazungumze kwa uhuru mambo yanayowagusa. Si ibada, si darasa la kipaimara, si jumuiya, na wala si mkutano wa injili uliofichwa chini ya jina jingine. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wachungaji, wazee wa kanisa na waumini wa Moshi ambao kanisa lao lina mtazamo wa uhuru wa mawazo, yaani linaamini kwamba mtu anaweza kuuliza, kusitasita na hata kukataa bila kupoteza heshima yake mbele za Mungu na mbele za wenzake.

Jambo moja linabeba mengine yote yatakayoelezwa hapa: kanisa liwe mwenyeji, lisiwe mwamuzi. Mwenyeji hufungua mlango, hupanga viti, huchemsha chai na hulinda amani ya waliomo, lakini hatangazi mwishoni nani amesema sawa na nani amepotoka. Kwetu jambo hili linahitaji juhudi ya makusudi. Tangu wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walipofika Machame mwaka 1893, kanisa kwenye miteremko ya Kilimanjaro limekuwa shule, zahanati na mwalimu kwa wakati mmoja, na watu wamezoea kuingia kanisani ili waambiwe. Ukiwaita waje kuzungumza, watakaa kwenye mabenchi wakisubiri mafundisho yaanze, na mchungaji naye, kwa nia njema kabisa, atayaanza.

Wakati huohuo, hatuanzi kitu kigeni. Mwaka 1973, katika kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya, takriban Watanzania milioni mbili walikusanyika katika vikundi vidogo nchi nzima, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, kisha wakajadiliana wao kwa wao na kuamua la kufanya, iwe kuchimba choo au kufukia madimbwi ya mbu. Viongozi wa vikundi vile walifunzwa kuongoza majadiliano badala ya kuhutubia. Kwa upande wa makanisa yenye mtazamo huru, mizizi ni mirefu zaidi: mwaka 1568 baraza lililoketi Torda, katika nchi ya Transylvania ambayo leo ni sehemu ya Romania, liliazimia kwamba kila mhubiri ahubiri kadiri anavyoielewa Injili na kwamba mtu asisumbuliwe kwa ajili ya dini yake, kwa kuwa imani ni zawadi ya Mungu. Kundi lenu linasimama juu ya urithi huo wa pande mbili.

Hatua ya kwanza: kupata idhini ya wazee, kwa maandishi

Kabla ya kumwalika mtu yeyote, lipelekeni jambo hili kwenye baraza la wazee na mlieleze lote bila kupunguza. Wazee wanapaswa kukubali kwa kauli yao kwamba katika mkutano huu hakutakuwa na mahubiri, hakutakuwa na sadaka, hakuna atakayeombwa kujiunga na kanisa, na hakuna litakalosemwa humo litakalotumiwa kumchukulia muumini hatua za nidhamu. Kipengele cha mwisho ndicho kigumu, na ndicho kisichopaswa kulegezwa. Muumini akisema mbele ya kundi kwamba haamini tena jambo fulani, kisha Jumapili akaulizwa na mzee wa mtaa wake, habari hizo zitafika Pasua hadi Kiboriloni kabla ya wiki kwisha, na hakuna atakayesema kweli tena ukumbini humo.

Makubaliano hayo yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao na kusainiwa. Uongozi hubadilika na mchungaji huhamishwa, karatasi hubaki. Yaandikwe pia kwamba kundi ni huduma ya kanisa, linafanyikia kwenye majengo ya kanisa na liko chini ya usimamizi wa baraza. Siku kundi litakapotaka kuwa na akaunti yake, katiba yake na viongozi wake, hapo litakuwa chombo kingine, na ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri iulizwe kwanza kuhusu usajili.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa apewe taarifa mapema, kwa kutembelewa na watu wawili wenye barua fupi. Aalikwe kama mkazi mwingine yeyote. Mambo ya mtaa kama maji, taka au usalama yanaweza kuzungumzwa, lakini kusiwe na kampeni za chama wala mgombea, na katika miezi ya uchaguzi jambo hilo lisemwe mwanzoni mwa kila mkutano.

Hatua ya pili: kuchagua wawezeshaji

Chagueni wawezeshaji wawili, mwanamke na mwanamume, na ikiwezekana mmoja awe kijana na mwingine mtu wa makamo. Mmoja huongoza na mwingine hutazama: nani hajasema, nani amenuna, nani ameshika simu tangu mwanzo, nani anatafuta njia ya kutoka. Kwa mkutano unaofuata hubadilishana. Msimpe mtu kazi hii kwa sababu anajua Biblia sana au ana sauti nzuri ya kusimamia sherehe. Mtafuteni yule ambaye watu humfuata nyumbani wakiwa na shida, ambaye huuliza swali na kisha hunyamaza akasikiliza jibu. Mara nyingi huwa ni muuguzi, fundi cherehani, mwalimu aliyestaafu au mama wa kikoba ambaye kila wiki husuluhisha kesi za marejesho.

Mchungaji asiwe mwezeshaji. Nasema hivi nikiwa na heshima kubwa kwa wachungaji, na nimewaona waliolipokea jambo hili kwa furaha kwa kuwa ni nadra sana kwao kukaa mahali wasipodaiwa jibu. Mchungaji aje kama mshiriki, bila kola, akae kwenye duara mahali popote isipokuwa karibu na mwezeshaji, na asiwe wa kwanza wala wa mwisho kusema. Mtu akimgeukia na kusema, "Mchungaji, hebu tuambie ukweli ni upi," jibu lake liwe, "Na mimi niko hapa kusikiliza, nitasema zamu yangu ikifika." Baada ya mikutano michache watu huacha kumtazama usoni kila wanapomaliza sentensi.

Wawezeshaji wafanye mazoezi kabla ya mkutano wa kwanza, wakiwa na watu sita au saba wa kuaminika, kwa swali halisi na muda halisi. Wajifunze hasa kuvumilia kimya. Mwezeshaji mgeni akiona kimya cha sekunde kumi hujaza kwa maelezo, na maelezo hayo huua swali.

Hatua ya tatu: siku, saa, viti na chai

Mara moja kwa mwezi inatosha mwanzoni, katika siku isiyobadilika, kwa mfano Jumanne ya pili. Jumapili ni ya ibada, Ijumaa ni ya Waislamu, tangu Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi jioni ni Sabato ya Waadventista, na Jumamosi asubuhi Wakatoliki wengi huwa kwenye jumuiya zao ndogondogo. Angalieni pia siku za mazoezi ya kwaya, kwa sababu kwaya ikiwa upande wa pili wa ukuta hamtasikilizana. Desemba wengi hupanda kwao mlimani, hivyo mwezi huo pumzikeni.

Muda unaofaa ni kuanzia saa kumi na nusu jioni hadi saa kumi na mbili kamili. Wafanyakazi wa ofisi wanakuwa wametoka, kina mama wanafika nyumbani kabla ya giza, na Waislamu wanaondoka kabla ya sala ya magharibi. Mkimaliza kwa kuchelewa, mtakuwa mmewafungia mlango wanawake wa Njoro na Rau bila kuwaambia. Katika Ramadhani au muanze mapema na muache chai, au muahirishe; waulizeni Waislamu wenyewe wanapendelea lipi.

Msitumie jengo la ibada. Ukumbi, darasa la shule ya Jumapili au kivuli cha mti uani vinafaa zaidi, maana kuna watu ambao dhamiri yao haiwaruhusu kukaa mbele ya madhabahu ya dini nyingine, na wapo Wakristo ambao wakiiona madhabahu hushusha sauti. Katika masika, kati ya Machi na Mei, tafuteni chumba chenye dari, kwa kuwa mvua ya Moshi ikipiga kwenye bati tupu hakuna atakayemsikia mwenzake hata akipiga kelele. Wekeni taa ya kuchaji karibu.

Viti vipangwe duara moja, vyote vya aina moja. Kiti cha mbao chenye mito, kile ambacho kila ukumbi wa kanisa huwa nacho kwa ajili ya mgeni rasmi, kitolewe nje kabisa. Kikibaki ndani, mtu atakaribishwa akikalie, na duara litageuka kuwa meza kuu na hadhira. Mzee asiyeweza kukaa kwenye plastiki aongezewe mto. Watu wanane hadi kumi na tano ni idadi nzuri. Wakizidi hapo, gawanyikeni katika maduara mawili, kila moja likiwa na mwezeshaji wake, na ndiyo sababu ya kuwa na wawili.

Chai si jambo dogo. Andaeni chupa ya chai ya mchaichai pamoja na ile ya majani, kwa ajili ya Waadventista na wengine wasiotumia majani ya chai. Vitafunwa viwe maandazi, karanga, ndizi au viazi vitamu; nyama isiwepo, kwa kuwa swali la nani amechinja litazuka na hamna sababu ya kulizusha. Chai inywewe mwanzoni watu wanapowasili, si mwishoni. Aliyeshika kikombe na jirani yake hupata la kusema kabla ya kuombwa kusema mbele ya wote.

Hatua ya nne: kualika

Tangazo la Jumapili pekee litawaletea waumini wenu pekee. Mialiko inayofanya kazi ni ya mdomo, ya mtu kwa mtu, na wawezeshaji pamoja na waumini wachache wawe wameigawana: mmoja apite kijiwe cha bodaboda, mwingine kwa wauzaji wa soko la Mbuyuni, mwingine amtembelee imamu wa msikiti wa jirani, mwingine azungumze na wauguzi na wanafunzi wa hospitali ya KCMC walio mtaani kwenu. Kwa imamu nendeni wenyewe, msitume barua. Mwelezeni kwamba hamtafuti waumini wake, mwonyesheni muhtasari wa wazee, na mwulizeni iwapo kuna jambo katika utaratibu wenu ambalo lingewakwaza watu wake. Akikataa, mshukuruni na muendelee kusalimiana naye.

Maneno ya mwaliko yawe mafupi: "Tunakutana Jumanne saa kumi na nusu ukumbini, watu wa mtaa, kuzungumza kuhusu mikopo. Hakuna mahubiri wala mchango. Ukichoka unaondoka." Kwa vijana ile sentensi ya mwisho ina nguvu kuliko zote.

Hatua ya tano: kutunga swali

Hapa ndipo wawezeshaji watumie muda wao mwingi, maana jioni nzima hutegemea swali moja. Swali baya humtaka mtu atetee msimamo; swali zuri humtaka aeleze alichokiona. Mkiuliza, "Je, binti ana haki ya kurithi kihamba?", yaani shamba la ukoo, mtapata mistari, methali na mila, kila mtu akiwa ameshika upande wake kabla hajafungua mdomo. Mkiuliza, "Katika ukoo wenu, ni nani anakikalia kihamba cha babu leo, na kilifikaje mikononi mwake?" kila aliyepo ana cha kusema, awe msomi au asiwe, na hakuna anayeweza kumwambia mwenzake kwamba amekosea, kwa kuwa ni habari za kwao.

Katika kundi ninalosaidia kuliendesha, swali hilo lilimfanya mama mmoja aeleze jinsi shemeji zake walivyokuja kupima shamba kwa kamba ya katani, kutoka kwenye shina la mgomba mmoja hadi jingine, kabla matanga ya mumewe hayajaanuliwa. Alisema bila hasira, akionyesha kwa mikono urefu wa kamba. Zamu ilipomfikia mzee mmoja upande wa pili wa duara, alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba yeye naye aliwahi kushika ncha ya kamba ya namna hiyo, katika shamba la marehemu kaka yake. Hakuna aliyemjibu. Mwezeshaji alimshukuru kama alivyowashukuru wote na kumpa nafasi aliyefuata. Ninaamini kabisa kwamba kama mtu wa kanisa angekuwa amesimama dakika tano kabla na kufundisha juu ya haki za wajane, mzee yule angetikisa kichwa kukubali mafundisho na kwenda nyumbani na siri yake.

Je, ina maana haki isisemwe? Hapana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatamka kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume, na kila mtu wa kundi anastahili kulijua hilo. Jambo la kuzingatia ni mpangilio. Watu wazungumze kwanza; taarifa zije baadaye, ama kwa karatasi ya ukurasa mmoja inayogawiwa wakati wa kutoka, ama kwa kumwalika msaidizi wa kisheria kwenye mkutano unaofuata. Mtaalamu anayealikwa akae duarani tangu mwanzo, asikilize, na apewe dakika kumi mwishoni kujibu yale aliyoyasikia. Akianza yeye, watu watamuuliza maswali na kurudi kwao bila kuwa wameongea wao kwa wao.

Mada nyingine zinazozaa mazungumzo mazuri huku kwetu ni mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, na namna inavyoingia nyumbani bila mwenzi kujua. Gharama za misiba na harusi. Ndoa za Mkristo na Mwislamu. Pombe na vijana. Maji ya mifereji yanayopungua. Kulea wajukuu ambao wazazi wao wako Dar es Salaam. Na mashaka ya imani baada ya kufiwa. Hii ya mwisho isije mapema. Kundi lianze na mambo ya mkononi, fedha, shamba na watoto, mpaka watu wazoeane, kisha waingie kwenye mambo ya ndani.

Kila swali lijaribiwe kwa watu watatu wa rika tofauti. Akijibu mmoja wao kwa "ndiyo" au "hapana", litungwe upya.

Hatua ya sita: agano la kundi

Katika mkutano wa kwanza, kundi likubaliane kwa sauti namna litakavyotendeana. Makanisa yenye mtazamo huru ya Waunitaria na Wauniversalisti, ambayo yaliungana Marekani mwaka 1961, hayamfungi mwanachama kwa ungamo moja la imani; yanachoshikamana nacho ni agano la namna ya kuishi pamoja. Wazo hilo linafaa sana katika kundi lenye dini nyingi, kwa sababu hatuwezi kukubaliana juu ya Mungu jioni moja, lakini tunaweza kukubaliana juu ya kutokatizana maneno. Agano linaweza kusomeka hivi:

"Kila mtu anasema kwa ajili ya nafsi yake, si kwa ajili ya dini, kabila au ukoo wake. Anayesema hakatizwi. Asiyetaka kusema anasema 'napita', na haulizwi sababu. Hatumshawishi mtu ahame imani yake. Habari ya mtu inabaki hapa. Mafunzo tuliyoyapata tunaweza kuondoka nayo. Harekodi mtu sauti wala hapigi picha. Tukitofautiana, tunauliza kabla ya kupinga."

Lisomwe na mtu tofauti kila mwezi, na wageni waulizwe kama wanalikubali. Ni vizuri kuwaambia watu wazi kwamba usiri una mpaka, ambao nitaueleza mbele.

Hatua ya saba: kuendesha mkutano wenyewe

Salamu ya kwanza iwe ya watu wote. Ukifungua kwa "Bwana Yesu asifiwe", nusu ya ukumbi itaitikia na nusu nyingine itajua kwamba imeingia nyumba ya watu. "Hamjambo nyote, karibuni sana" inatosha, na wadogo wawape wakubwa shikamoo kama kawaida. Badala ya sala ya pamoja, toeni dakika moja ya kimya ambayo kila mtu ataitumia kadiri ya imani yake. Kuna wazee wa kanisa watakaoona uchungu hapa, na ni haki yao. Waelezwe kwamba kanisa linaweza kuuombea mkutano kabla haujaanza, wakiwa wao wenyewe.

Baada ya agano, mwezeshaji anatoa swali mara mbili, polepole, kisha anaacha kimya kifupi. Mzunguko wa kwanza ni wa zamu: kila mtu dakika mbili, bila kujibiwa wala kuulizwa. Ni vema kuanza na mtu wa kawaida aliye tayari, si mwenye umri mkubwa kuliko wote. Heshima yetu kwa wazee ni kitu cha thamani, lakini mzee akianza na kutoa uamuzi, vijana wote waliobaki watasema "naungana na aliyetangulia". Mzee apate nafasi yake katikati, na apewe kwa heshima: "Babu, tungependa kukusikia na wewe." Akizidisha muda, mwezeshaji wa pili amsogelee na kumwambia kwa upole, "Tunakushukuru, tuwapatie na hawa."

Wengine hupenda kuzungusha kitu mkononi ili kuonyesha zamu ni ya nani. Kikombe au kibuyu kidogo kinafaa. Jani la sale msilitumie. Kwa Wachagga jani hilo ni la kuombea msamaha na kupatanisha waliokoseana, na lina uzito ambao hautakiwi kushushwa kwa kulifanya kifaa cha mkutano.

Mzunguko wa pili ni wa wazi na ndio mrefu, dakika arobaini hivi. Kazi ya mwezeshaji hapa ni ndogo kuliko anavyodhani: kuuliza "Ilikuwaje?", kumrudishia mtu neno lake ili ahakikishe amesikika, na kuwafungulia walio kimya. Lugha ni Kiswahili. Bibi akiona Kichagga kinamtoka vizuri zaidi aseme kwa Kichagga na jirani yake atafsiri, ila watu wawili wasizungumze pembeni lugha ambayo wengine hawaielewi.

Robo saa ya mwisho, kila mtu aseme kwa sentensi moja anachoondoka nacho. Mwezeshaji asifanye majumuisho wala kutoa azimio. Anatangaza tarehe inayofuata, anashukuru, na saa kumi na mbili kamili milango iko wazi.

Hatua ya nane: mambo magumu

Atakuja mhubiri. Katika mji wetu hakosekani, naye hana nia mbaya. Anaamini kwamba amepata nafasi ya kuokoa watu. Asiaibishwe. Mwezeshaji amrudishe kwenye nafsi yake: "Ndugu, hilo neno limekusaidiaje wewe katika deni ulilotueleza?" Mara nyingi atajibu vizuri sana. Akiendelea kuhubiri kwa mkutano wa pili, aongeleshwe faragha na kuonyeshwa agano, na akishindwa kulishika aombwe kutohudhuria. Kanuni hiyohiyo imhusu mwenye kudhihaki imani za wengine, hata kama hana dini. Uwazi wa kundi haumlindi mtu anayewaumiza wenzake.

Atalia mtu. Msikimbilie kumwombea kwa sauti wala kumwekea mikono. Jirani yake amwekee maji, mzunguko usimame kidogo, na aulizwe kama angependa kuendelea, kutoka na mtu nje, au kukaa tu.

Ugomvi ukiwaka, hasa katika mambo ya ardhi ambapo wahusika wote wanaweza kuwa chumba kimoja, mwezeshaji asimamishe mazungumzo, arudishe dakika ya kimya, na aseme kwamba kundi si baraza la usuluhishi. Kesi ina mahali pake: ukoo, baraza la kata, mahakama.

Mpaka wa usiri ni usalama wa mtu. Mtu akieleza kwamba mtoto anaumizwa au kwamba yeye mwenyewe anapigwa, wawezeshaji hawapaswi kukaa na habari hiyo kama siri ya kundi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Wawezeshaji wawe na karatasi yenye namba ya afisa ustawi wa jamii, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo haitozwi, na maelezo ya kufika Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Mwenye shida asiachwe aende peke yake ikiwa anahitaji mtu wa kumsindikiza.

Hatua ya tisa: kumbukumbu, simu na fedha

Andikeni tarehe, swali na idadi ya waliofika, basi. Orodha ya majina haina kazi na inatisha watu. Namba za simu zichukuliwe kwa hiari ya mwenyewe, kwa ajili ya kumkumbusha mkutano tu, na zisigawiwe kwa idara nyingine za kanisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inadai hivyo, na hata isingedai, ndiyo adabu. Kundi la WhatsApp likiwepo, liwe la matangazo ambalo wawezeshaji pekee ndio huandika, kwa sababu mazungumzo yaliyoanza kwa utulivu duarani huharibika usiku kwa jumbe za kusambazwa.

Gharama ni chai, sukari na vitafunwa. Kanisa lizibebe kwa mwaka wa kwanza kupitia bajeti yake ya kawaida. Kikapu cha michango kisiwekwe mezani hata kama watu wanaomba kuchangia. Anayetaka alete ndizi.

Hatua ya kumi: baada ya miezi sita

Wawezeshaji wakae na baraza la wazee na kujibu maswali machache kwa ukweli. Je, waliofika walikuwa wa nje ya kanisa kwa kiasi gani? Wanawake na vijana walisema, au walikuja tu? Kuna yeyote aliyerudi baada ya kutofautiana na wenzake? Swali hilo la tatu ndilo naliona kipimo cha kweli, zaidi ya idadi. Wazee wasiulize ni wangapi wamejiunga na kanisa, na wakiuliza, wasomewe muhtasari waliousaini.

Ikiwa kundi limeshika, ongezeni wawezeshaji wawili wapya kutoka miongoni mwa washiriki, na angalau mmoja wao awe mtu asiye muumini wenu. Huyo apewe ufunguo wa ukumbi na zamu yake ya kutunga swali kama wengine, na mwezi atakapoongoza, mchungaji na wazee watakaohudhuria wakae duarani na kusubiri zamu zao.